Jerry Lawson: Fundi wa TV aliyebadilisha gemu unazocheza leo

Jumamosi mvua ikianza kunyesha Keringet, huna mengi ya kufanya. Baridi ya huku Kuresoi Kusini haina mzaha. Wakimbiaji wamemaliza mazoezi ya asubuhi na kujifunika blanketi, shamba la viazi limejaa matope, na vijana waliobaki sokoni wanajibana kwenye chumba cha gemu. Benchi moja, TV mbili, pedi nne, na foleni ya watu wanaodai zamu yao imefika.

Halafu batani ya kupiga shuti inakwama. Kelele zinaanza. Aliyefungwa bao anasema si yeye, ni pedi.

Mwenye chumba hakimbilii kununua pedi mpya. Anaipeleka kibanda cha jirani, kwa kijana anayetengeneza simu. Huyo anafungua skrubu, anapangusa ndani kwa spiriti, anachomelea waya uliolegea, anarudisha kifuniko. Siku akiwa na nafasi anafanya makubwa zaidi. Anatoa swichi kwenye mashine iliyokufa, anatoboa kipande cha mbao, anazipanga, anaziunganisha na bodi ndogo, na ghafla kuna kisanduku cha batani kinachoingia kwenye kompyuta na kucheza kama kitu cha dukani.

Hakuna anayemuuliza jina. Hakuna cheti ukutani. Akihamia Molo kesho, kisanduku kitabaki na watu watasahau nani alikitengeneza.

Kuna jamaa mmoja alianza hivyo hivyo, mbali na hapa na zamani kidogo. Alikuwa mtu mweusi, hakumaliza chuo kikuu, na pesa zake za kwanza alizipata kwa kutengeneza TV za majirani. Kila ukichagua gemu unayotaka kwenye mashine moja, kila ukisimamisha mechi ili uende kuitikia mama anapoita, unagusa kazi ambayo mkono wake ulipita. Jina lake ni Gerald Anderson Lawson. Watu walimwita Jerry.

Mtoto wa Queens

Lawson alizaliwa Desemba 1, 1940, Brooklyn, New York, na akakulia mtaa wa Queens, kwenye nyumba za serikali. Baba yake alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, lakini alikuwa na kiu ya sayansi isiyolingana na kazi aliyopewa na dunia. Babu yake ndiye anayeuma moyo zaidi. Mzee huyo alisomea fizikia, ila Marekani ya wakati wake haikuwa na nafasi ya mwanafizikia mweusi. Akaishia kusimamia posta.

Hebu fikiria hilo kidogo. Vizazi viwili mfululizo vyenye akili ya sayansi, na vyote viwili vikawekwa kando. Jerry alikuwa wa tatu.

Mama yake hakukubali mchezo urudiwe. Alitafuta shule nzuri, akamwingiza mwanawe, na hakuishia hapo. Alijitosa kwenye mambo ya shule mpaka akawa mwenyekiti wa chama cha wazazi na walimu, pahali ambapo wazazi weusi walikuwa wachache. Wazazi wetu wanaofika kwenye mkutano wa shule na buti za shambani, wakauliza mwalimu maswali magumu, wanamjua huyu mama bila kuwahi kumwona.

Darasa la kwanza, mwalimu wake aliweka karibu na dawati lake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyepata sifa kwa utafiti wake wa mimea. Alimwambia mtoto kwamba na yeye anaweza kufika huko. Lawson alilibeba neno hilo maisha yake yote, na uzeeni bado alikuwa akilitaja. Picha moja tu.

Alipofika miaka 13, alikuwa na leseni ya redio ya kurusha na kupokea mawasiliano hewani, ile ambayo mtu binafsi hupewa baada ya kupita mtihani. Vipuri alinunua kwa pesa zake mwenyewe kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na kituo akakijenga chumbani mwake. Akiwa kijana alianza kuzunguka New York akitengeneza TV nyumbani kwa watu.

TV ya miaka hiyo si kama hii ya kuning'iniza ukutani. Ilikuwa sanduku zito lenye taa za kioo ndani, na umeme mwingi uliobaki umejificha hata baada ya kuichomoa. Ukigusa pasipofaa unarushwa. Fundi alilazimika kuelewa njia ya umeme kutoka mwanzo hadi mwisho, maana hapakuwa na video ya kumwonyesha. Hiyo ndiyo shule iliyomfinyanga Lawson. Alisoma pia Queens College na City College ya New York, ila hakumaliza digrii. Aliyoyajua mengi aliyapata kwa kufungua vitu na kuvirudisha vikifanya kazi.

Gemu ndani ya gareji

Mwaka wa 1970 Lawson alikuwa California, ameajiriwa na kampuni ya Fairchild Semiconductor. Hii ilikuwa kati ya kampuni kubwa za chipu duniani, na eneo lile ndilo tunaloliita sasa Silicon Valley. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wateja kutumia chipu za kampuni kwenye mashine zao. Alikuwa mrefu sana, mwenye mwili mkubwa, na karibu kila mkutano yeye ndiye alikuwa mtu mweusi pekee. Baadaye alisimulia jinsi watu waliomjua kwa kazi yake tu walivyoshtuka walipokutana naye uso kwa uso. Walikuwa wamejichorea mtu mwingine kichwani.

Wakati huo gemu za kuingiza sarafu zilianza kuvuma kwenye baa na mikahawa. Pong ya Atari ilitoka 1972, na watu walipanga foleni kuzungusha kirungu kimoja ili kupiga nukta nyeupe huku na huku. Ndani ya mashine kama hizo hamkuwa na programu. Gemu yenyewe ilikuwa ni mpangilio wa nyaya na chipu. Ukitaka gemu nyingine, jenga mashine nyingine.

Lawson alikuwa na chipu mpya ya kampuni yake, maikroprosesa iliyoitwa F8. Aliichukua akaingia nayo kwenye gareji ya nyumbani kwake, akatengeneza gemu ya kuingiza sarafu aliyoiita Demolition Derby, ya magari kugongana. Ilikamilika karibu mwanzo wa 1975 na ikawekwa kwenye mkahawa wa piza huko California ijaribiwe na wateja. Ilikuwa kati ya gemu za kwanza kabisa za sarafu kuendeshwa na maikroprosesa.

Kazini walipopata habari, angeweza kuonekana mkosaji. Mfanyakazi anajenga bidhaa gizani, nyumbani, nje ya mpango wa kampuni? Lakini Fairchild waliona fursa. Wakamwambia awaletee akili hiyo ofisini.

Miaka hiyo pia alihudhuria Homebrew Computer Club, kundi la waraibu wa kompyuta waliokutana kuonyeshana walichojenga. Kati ya watu wote wale, weusi walikuwa wawili tu. Humo ndimo alimopita pia Steve Wozniak, aliyekuja kuanzisha Apple. Wozniak aliwahi kuomba kazi Fairchild, na aliyemhoji alikuwa Lawson. Hakumpa kazi. Ndiyo, kuna siku mwanzilishi wa Apple alikaa mbele ya fundi wa TV wa Queens na akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kutoa kibodi, kuweka fimbo

Sasa tufike kwenye kiini cha stori, na hapa tuseme ukweli wote.

Mtandaoni utasikia Lawson akiitwa baba wa katriji ya gemu. Sifa hiyo anastahili, ila hakuanza na karatasi tupu. Kampuni ndogo iliyoitwa Alpex, jimbo la Connecticut, ilikuwa na wahandisi wawili, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel. Hao walikuwa wamejenga mfano wa mashine ya gemu ya nyumbani ambayo gemu zake zilikaa kwenye kumbukumbu ya kuchomeka na kuchomoa. Walizunguka wakitafuta mnunuzi. Fairchild walimtuma Lawson akaone kama kitu hicho kina maisha.

Aliona kina maisha. Aliona pia mambo mawili hayaendi. La kwanza, ilitumia chipu ya kampuni shindani, kwa hiyo akahakikisha inageuzwa itumie F8. La pili, mchezaji alitumia kibodi. Fikiria kumpa mtoto wa miaka sita kibodi umwambie acheze mpira wa meza. Ilikuwa ngumu bure.

Kwa hiyo kibodi ikatoka, na wazo la kifaa cha kushika mkononi likaingia. Umbo lake lilichorwa na Nick Talesfore, msanifu wa bidhaa, na mambo ya ndani, springi na mihimili, yalifanywa na mhandisi Ron Smith. Matokeo yake yalikuwa fimbo nyeusi unayoishika kiganjani, yenye kichwa cha pembe tatu juu. Unakisukuma mbele, nyuma, kushoto, kulia. Unakizungusha pande zote mbili. Unakivuta juu. Unakibonyeza chini. Yote hayo kwa kichwa kimoja.

Kwa nini hili ni muhimu kwa mtu anayetaka kujenga kisanduku chake? Kwa sababu ya kilichomo ndani. Kirungu cha kuzungusha cha gemu za zamani kilikuwa na kitu kama kile cha kuongeza sauti kwenye redio. Kinatoa kipimo kinachopanda na kushuka, na kikichakaa kipimo kinayumba. Fimbo ya Fairchild ilitumia swichi. Swichi haina maneno mengi. Imegusana au haijagusana. Imewaka au imezimwa. Chipu inaelewa mara moja.

Na mpaka leo, ukifungua kidhibiti cha gemu za kupigana, vile vyenye fimbo kubwa na batani nane za mviringo, utakuta lugha hiyo hiyo. Chini ya fimbo kuna swichi ndogo nne. Ukisukuma kushoto, swichi moja inabonyezwa. Ukisukuma kwenye kona, mbili zinabonyezwa pamoja, na kompyuta inajua unaenda mshazari. Pande nane kwa swichi nne. Hesabu rahisi namna hiyo.

Juu ya mashine yenyewe waliweka batani tano. Mojawapo iliandikwa HOLD, na ukiibonyeza gemu inasimama palepale. Hiyo ndiyo nyanya wa ile pause unayoitumia chakula kikiwa tayari.

Katriji za rangi ya manjano

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi ya fimbo. Chipu za kumbukumbu zilikuwa vitu laini, vya kuwekwa kwenye bodi na kuachwa hapo. Sasa walitaka vikae mikononi mwa watoto, vichomekwe na kuchomolewa maelfu ya mara, wakati mwingine mashine ikiwa na umeme, bila kuungua. Talesfore na Smith walitengeneza katriji kubwa ya plastiki ya manjano, ikifanana na kaseti nene za muziki za miaka hiyo. Ilikuwa na kifuniko kinacholinda meno ya shaba, na njia ya kuingia isiyomruhusu mtu kukosea.

Halafu serikali ikaja. Idara ya mawasiliano ya Marekani ilikuwa na sheria kali kuhusu mashine zinazoweza kuvuruga mawimbi ya TV za majirani. Lawson na wenzake ilibidi wafunike bodi ndani ya chuma, na vipimo vilikuwa vikali mpaka katriji nazo zikapelekwa kukaguliwa. Kijana aliyejifunza redio akiwa na miaka 13 alijua mawimbi yanavyotoroka. Hapo elimu ya chumbani ililipa.

Novemba 1976 mashine ikaingia sokoni kwa dola 169.95. Baadaye ikajulikana kama Fairchild Channel F. Ilikuwa mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani yenye maikroprosesa na katriji za programu za kubadilisha. Kabla yake ulinunua mashine ukapata gemu zilizomo, basi. Baada yake ulinunua mashine mara moja, ukaendelea kununua gemu. Biashara nzima ya gemu duniani, kutoka kaseti za Nintendo walizopuliza kaka zetu wakubwa hadi diski tunazobadilishana, inapita kwenye mlango huo.

Mlango waliofungua wakapita wengine

Ingekuwa sinema, hapa Lawson angekuwa tajiri. Haikuwa hivyo.

Mwaka wa 1977 Atari walileta mashine yao ya katriji, ile iliyokuja kuitwa Atari 2600. Ilikuwa na gemu zilizopendwa mitaani, na Fairchild hawakuwa na moyo wa kushindana kwa muda mrefu. Wao walikuwa watu wa chipu. Mwaka wa 1979 waliuza biashara hiyo kwa kampuni nyingine, Zircon. Kwenye toleo la pili, fimbo zikawa za kuchomoa. Za kwanza zilikuwa zimefungwa kabisa kwenye mashine, kwa hiyo waya ukikatika ilibidi ufungue mashine nzima. Fundi yeyote wa chumba cha gemu anajua uchungu huo.

Lawson aliondoka Fairchild 1980 na kuanzisha kampuni yake, Videosoft, kutengeneza programu za kuchezwa kwenye Atari 2600. Yaani mashine iliyomshinda sokoni ndiyo aliyoiandikia. Hakuna aibu, kazi ni kazi. Kati ya katriji zilizotoka kwa jina la Videosoft, moja haikuwa gemu hata kidogo. Ilionyesha mistari ya rangi kwenye skrini ili mtu arekebishe TV yake. Ukijua alikotoka, unaelewa. Fundi wa TV hakuwahi kumtoka.

Lakini mwaka wa 1983 soko la gemu Marekani lilianguka vibaya. Maduka yalijaa katriji zisizonunuliwa na kampuni nyingi zikafa. Videosoft nayo ikafunga mlango katikati ya miaka hiyo ya themanini. Lawson akaendelea na kazi za ushauri wa uhandisi, bila makelele.

Na jina lake likapotea. Kwenye boksi la Channel F hapakuwa na Lawson. Kulikuwa na Fairchild. Vitabu vya historia ya gemu vilitaja Atari, vikataja Nintendo, vikampita. Kizazi kizima cha vijana weusi Marekani kilicheza gemu kikiamini hakuna mtu wa sura yao aliyekuwa mezani wakati mambo haya yanaanza. Alikuwepo, tena mbele kabisa, ila hakuna aliyewaambia. Picha ya Carver ilifanya kazi kwa Lawson kwa sababu mwalimu aliibandika. Ya Lawson haikubandikwa na mtu kwa zaidi ya miaka 25.

Kisukari kilimwandama. Kilimnyang'anya matumizi ya mguu mmoja na kuona kwa jicho moja. Bado watu waliomtembelea walimkuta na vifaa vyake, akitengeneza vitu, akisimulia. Mnamo Machi 2011 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa gemu kikamheshimu hatimaye kama mwanzilishi, mbele ya watu wa fani yake. Mwezi mmoja tu ukapita. Aprili 9, 2011, Jerry Lawson alifariki California, akiwa na miaka 70, akiacha mke na watoto wawili.

Baada ya hapo dunia ikaanza kukumbuka kwa kasi. Mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kikatangaza mfuko wenye jina lake wa kusaidia wanafunzi weusi na wenyeji asilia wanaosomea gemu. Desemba 1, 2022, siku ambayo angetimiza miaka 82, Google iliweka kwenye ukurasa wake gemu za kuchezwa kwa heshima yake, na mchezaji aliruhusiwa kuzibadilisha na kujenga yake. Heshima nzuri kabisa kwa mtu aliyependa kufungua vitu. Ila mwenyewe hakuwa hapo kuiona.

Turudi kibandani

Sasa tuseme wewe uko Keringet, au Njoro, au Kaptembwo, na una hamu ya kujenga kisanduku chako. Habari njema ni kwamba lugha ya swichi haijabadilika. Kila batani ina miguu miwili. Mguu mmoja wa kila batani unaunganishwa kwenye waya mmoja wa pamoja, ule wa ardhi. Mguu wa pili unaenda kwenye njia yake pekee kwenye bodi. Ukibonyeza, njia inagusana na ardhi, na bodi inaambia kompyuta batani namba fulani imebonyezwa.

Bodi yenyewe iko ya aina mbili tatu. Kuna zile ndogo za USB zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, unachomeka waya tu. Kuna Arduino Leonardo na Pro Micro, ambazo chipu yake inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi au pedi. Usichanganye na Uno, hiyo kwa kawaida haifanyi hivyo moja kwa moja. Utazipata Luthuli Avenue, Nairobi, na matatu italeta parseli.

Huna pesa ya hata moja? Chukua kibodi ya USB iliyokufa nusu, ile ambayo herufi zingine zimegoma. Ifungue. Ndani kuna bodi ndogo yenye meno mengi. Kila herufi ni mahali ambapo meno mawili yanakutana. Tumia waya kutafuta jozi zinazofanya kazi, ziandike kwenye daftari, kisha chomelea batani zako hapo. Lawson aliitoa kibodi ili aweke fimbo. Wewe unaitoa bodi ya kibodi ili utengeneze fimbo. Ni njia ile ile, na yeye angecheka kuiona.

Kabla ya kuchomelea lolote, chomoa umeme. Na ile TV ya zamani yenye mgongo mkubwa usiifungue bila fundi anayejua, hata ikiwa imechomolewa tangu jana. Ndani bado kuna kitu kinachouma.

Kosa la wengi linakuja mwisho, na si la umeme. Kisanduku kimekamilika, kimepakwa rangi, kinacheza. Mwenye chumba cha gemu anakichukua, analipa kidogo au analipa kesho, na hadithi inaishia hapo. Mwaka mmoja baadaye mtu mwingine anajisifu kwamba alikiagiza Nairobi.

Kwa hiyo kabla ya kufunga skrubu ya mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika. Geuza kifuniko. Andika jina lako ndani, tarehe, na Keringet. Kama rafiki alikusaidia kutoboa mbao, andika na lake. Kama fundi wa simu alikuazima chuma cha kuchomelea, mwandike pia. Kirschner, Haskel, Talesfore na Smith nao walistahili kuandikwa kando ya Lawson, na wengi mnawasikia leo kwa mara ya kwanza.

Siku batani itakapokwama, maana itakwama, kuna mtoto atakayeletewa kisanduku hicho akifungue. Ataona jina. Atajua kwamba kitu hiki kilitengenezwa na mtu wa hapa, aliyekaa kwenye baridi hii hii, stima ikipotea na kurudi. Hiyo ndiyo itakuwa picha yake kando ya dawati.